Ndoo Isiyo na Nondo

Jumatatu asubuhi siku hizi simu za pale kijijini zimenyamaza. Zamani zililia karibu kwa pamoja kabla chai haijachemka, ule mlio mfupi wa ujumbe, nyumba hadi nyumba: moja chini ya mto wa kulalia, nyingine kwenye mfuko wa koti lililotundikwa nyuma ya mlango, nyingine dirishani ilikoegeshwa ili ishike mtandao. Watu walijua kwamba Mama Mitego ametuma hesabu yake, na ofisi ya kilimo imewarudishia jibu. Maneno yenyewe yalikuwa machache. Nondo ni wachache, endelea kukagua. Au: nondo wameongezeka, kagua mahindi yako leo, andaa dawa. Sasa mtu anaamka, anatazama kioo cha simu, haoni kitu, anairudisha. Kisha anakwenda shambani mwenyewe, anafunua majani kwa vidole huku akisonya, kama anayetafuta kitu asichokumbuka alikiweka wapi.

Jina la Mama Mitego hakulipenda mwanzoni. Alipewa na jirani mwenye mabomba ya kupulizia ya kukodisha, ambaye naye aliitwa Redio kwa kuwa ukishamwasha humzimi. Siku ndoo ya kwanza ilipotundikwa kwenye mti uliosimikwa kati ya mahindi, Redio alikuwa mstari wa mbele kushangaa. Ilikuwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kijani, na ndani ya kifuniko kulikuwa na kikapu kidogo cha kuwekea kivutio, kipande cha mpira kilichotiwa harufu ya nondo jike. Pua ya mtu haisikii chochote. Nondo dume huisikia kutoka mbali, huifuata, huingia, na kutoka huwa hawezi.

"Kwa hiyo shemeji," Redio alisema, "kazi yako ni kuwadanganya waume za watu kwa harufu ya mwanamke."

"Na wanakuja wenyewe," alijibu. "Wewe ukipita hapa, pita mbali."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alicheka pia, na ndani ya kicheko chake kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukipata pale. Alikuwa ameolewa kutoka mbali. Miaka yote aliitwa mke wa fundi, kwa kuwa mumewe alikuwa fundi mwashi, na kabla ya hapo aliitwa yule mgeni. Hakuna aliyemkosea, ila hakuna aliyemuuliza kitu kilichohitaji kujibiwa. Alipochaguliwa kutunza mitego na kupewa simu ya kazi, ghafla watu walianza kumsimamisha njiani. Mama Mitego, vipi wiki hii? Mama Mitego, nipulizie au nisubiri? Naye alijibu polepole, akijisikia akijibu.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Kila Jumapili jioni alifungua ndoo, akamwaga nondo kwenye karatasi, akawahesabu, akapiga picha, akaingiza idadi kwenye programu ya simu. Nondo wakizidi, maana yake mayai yanatagwa, na viwavi wako njiani. Anayepulizia viwavi wakiwa wadogo juu ya majani anawapata. Anayechelewa anawakuta wameshajichimbia katikati ya mhindi, pale majani yanapochipukia, na dawa huwapita juu kama mvua inavyopita juu ya bati.

Ugumu ulikuwa kwenye simu. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya vyoo vya shule, tena kwa kusimama ukielekea ukuta. Hapo ndipo alipozimaliza Jumapili zake, mkono mmoja ukishika simu juu, mwingine ukifukuza nzi. *Samahani, kuna hitilafu. Jaribu tena.* Alijaribu tena. *Samahani.* "Samahani ya nini na wewe?" aliifokea simu. "Bando nimenunua, chaji ipo, nondo ninao hapa mkononi, unataka nikuletee na mama yao?" Wapita njia walidhani anagombana na mumewe.

Lakini msimu wa kwanza ujumbe ulifika, watu wakapulizia mapema, mahindi yakasimama. Msimu wa pili hivyo hivyo. Wanawake waliomsalimu kwa kidevu wakaanza kumsalimu kwa mikono miwili.

Msimu wa tatu ulianza kwa kero. Mitego ilikuwa mitatu. Mmoja uliibwa, na ndoo yake ikaonekana baadaye ikichotea maji, wala mchotaji hakuona haya. Wa pili ulikanyagwa na ng'ombe. Aliomba ofisi imletee mingine, akaambiwa ombi limepokelewa, na hapo ndipo likaishia. Ukabaki mmoja, kwenye shamba la bondeni, na mwenye shamba akaja na maneno.

"Ndoo yako inaniitia wadudu."

"Haiwaiti, baba. Wapo tayari. Inatuonyesha tu kwamba wapo."

"Umesema mwenyewe wanafuata harufu kutoka mbali. Sasa hiyo mbali ni kwa nani na huku ni kwa nani?"

Alimweleza kwa utaratibu. Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, akashukuru sana, na kesho yake asubuhi Mama Mitego akaikuta ndoo mlangoni kwake, kifuniko kimewekwa vizuri juu. Alizunguka nayo shamba hadi shamba. Kila mtu alikuwa na sababu yenye adabu. Mwisho mama mkwe wake ndiye aliyesema, "Ileteni kwangu. Nimezaa, nimezika, ndoo itanifanya nini?"

Siku hiyo alimpenda mama mkwe kuliko siku zote.

Mama mkwe alikuwa mwanamke wa usafi. Sufuria zake ziling'aa hata chini, upande wa moto. Alifagia uwanja, kisha njia, kisha njia ya kuingilia shambani ambayo hupitwa na mijusi tu. Mgeni akifika hakukalishwa mpaka kiti kifutwe mbele ya macho yake. Ndoo ilipotundikwa alisimama akiitazama, mikono kiunoni.

"Na hizo picha unazopiga zinakwenda wapi?"

"Ofisini, mama. Kwa wakubwa."

"Wanajua ni shamba langu?"

"Wanajua. Limeandikwa."

"Haya," mama mkwe alisema, akaanza kung'oa majani yaliyoota chini ya mti wa ndoo. Mama Mitego alicheka, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata alifungua ndoo, akakuta haina kitu. Ilikuwa safi kama imetoka dukani, na matone machache ya maji yamebaki ukingoni. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Akadhani ni hayo. Aliandika sifuri. *Je, una uhakika?* simu iliuliza. Alisimama nyuma ya vyoo, kidole hewani. Halafu akampigia bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo aliyemfundisha kazi, mwanamke kijana aliyesimamia maeneo mengi na kuzungumza daima kama aliyeacha chungu motoni.

"Sifuri kabisa?"

"Kabisa."

"Kivutio umebadilisha?"

"Nimebadilisha. Picha nimetuma."

"Basi ni hii baridi. Furahi, dada. Sifuri ni habari njema."

Alibonyeza ndiyo. Jumatatu simu zikalia: hali ni shwari, usipulizie dawa bila sababu. Wiki iliyofuata sifuri tena. Na iliyofuata. Redio alimsimamisha njiani, uso wa huzuni ya kuigiza. "Shemeji, unaniua. Mabomba yangu buibui wameshahamia, na mmoja ameleta familia."

Kuna jioni moja aliona nondo wakizunguka taa ya jikoni, wa rangi ya kijivu, akamwonyesha mumewe. "Nondo wa taa ni wa taa," mumewe alisema, akiendelea kunawa saruji vidoleni. Hakubisha. Misimu miwili alikuwa amewaambia watu waache kubahatisha, wafuate hesabu. Sasa yeye ndiye aanze kubahatisha, kwa sababu ya taa?

Habari ililetwa na Redio. Alikuja bila kupiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka mezani kando ya kikombe cha chai moyo wa mhindi aliounyofoa. Majani yake yalikuwa yametobolewa matundu kama dirisha lililopigwa mawe, na ndani yake mlijaa kinyesi kama unga wa mbao. Alipoyafungua majani kwa kidole gumba, kiwavi mnene alijikunja.

"Hesabu, shemeji," alisema.

Hakuongeza neno. Redio kukosa neno kulimtisha kuliko kiwavi.

Siku zile kila bomba lilikuwa mgongoni mwa mtu. Walipulizia asubuhi, wakapulizia jioni, harufu ya dawa ikaingia hadi kwenye nguo zilizoanikwa, na viwavi wakaendelea kula huko chini walikojificha. Alipita mashamba yote kwa miguu. Alipofika, watu waliendelea na kazi. Hakutukanwa. Walimrudishia ile salamu ya kidevu, na yeye aliitambua mara moja, kama mtu anavyolitambua shati lake la zamani.

Hakulala vizuri, hakula vizuri. Alikagua kila hatua aliyoifanya. Kivutio kilikuwa kipya. Ndoo haikutoboka. Aliipima akilini mwake mpaka ikawa inamzunguka kichwani. Wapi, wapi alikosea?

Mama mkwe alikuja kumfariji. Alimkuta jikoni, akafuta kigoda, akakaa karibu yake, akamshika goti.

"Usijitese, mwanangu. Kazi umeifanya. Hata mimi sikukuangusha. Kila Jumapili kabla hujafika nilikuwa naimwaga ile ndoo, naisuuza, naifuta kwa khanga. Ningeachaje wakubwa wapigiwe picha ya madudu yaliyooza, halafu waandike kwamba ni shamba langu?"

Maji yalikuwa yakichemka.

"Uliimwaga, mama?"

"Niliimwaga. Yalikuwa yananuka."

"Mengi?"

"Mengi! Viganja na viganja. Kuku walishiba mpaka wakakataa mahindi."

Alitaka kupiga kelele. Alitaka kucheka. Alichofanya ni kuinuka na kuipua maji, kwa sababu mama mkwe alikuwa anamtazama kwa huruma kabisa, bila doa.

Alitoka hapo moja kwa moja hadi mahali mumewe alipokuwa akijenga, chumba cha duka kando ya barabara, ukuta umefika kifuani. Alimweleza chini ya ukuta huo, yeye upande mmoja na mumewe upande wa pili, tofali likiwa katikati yao. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mwiko.

"Ni mama yangu," alisema.

"Najua ni mama yako. Na mimi ni nani?"

"Sijasema hivyo. Nasema ukimtaja, watu watamla mzima. Wana hasira. Mwanamke wa umri ule ataishije nao? Wewe watakusema, kisha watachoka."

"Kwa nini mimi ndiye wa kusubiri wachoke?"

Mumewe alichota saruji nyingine, akaitandaza, akapanga tofali, akaligonga kwa mpini wa mwiko mpaka likakaa sawa. Hakuwa mtu wa kutengeneza jibu pasipo na jibu. Kwa kawaida hilo ndilo alilompendea.

Mkutano uliitishwa darasani. Bibi shamba alikuja akiwa na kompyuta yake ndogo, watu wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mama mkwe alikaa mbele, amevaa vizuri. Ndoo ilikuwa imewekwa juu ya meza ya mwalimu kama mshtakiwa.

"Ichomwe," alisema mzee wa bondeni. "Mimi nilisema mapema."

"Isichomwe, plastiki inanuka," Redio alisema. "Itobolewe ipandwe vitunguu. Hapo angalau itasema ukweli."

Hakuna aliyecheka sana. Bibi shamba alijaribu kueleza kwamba mtego hauwezi kudanganya, ni lazima kuna kilichotokea, na alipokuwa akieleza Mama Mitego aliona wazi mbele yake njia zote. Akinyamaza, watu wataitupa ndoo na hawataamini nyingine tena, na misimu miwili ya kazi yake itakuwa mzaha wa Redio. Akisema kilichotokea, ndoo itapona na mama mkwe atakwisha. Ilibaki njia moja ambayo ndoo ingepona, mama mkwe angepona, na mtu mmoja tu angeumia.

Alisimama.

"Ndoo haina kosa," alisema. "Kosa ni langu. Sikubadilisha kivutio. Kilikuwa kimekwisha nguvu, nondo hawakuja."

Miguno ikapita darasani. Bibi shamba alikuwa akitazama kompyuta.

"Lakini dada, hapa naona picha ya kivutio kipya. Umetuma mwenyewe."

Hilo hakulifikiria.

"Ni picha ya msimu uliopita. Niliituma tena."

"Unaelewa unachokisema?"

"Naelewa."

Bibi shamba alimtazama kwa muda, jambo alilokuwa hana muda nalo siku zote. Kisha akaandika. Kule mbele mama mkwe alitikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko.

Walirudi watatu hadi nyumbani kwa mama mkwe. Walipoingia ndani na kiti kikafutwa ndipo mama mkwe alipofungua kinywa.

"Mke wa mwanangu, kitu kidogo hivyo ulikisahauje? Kipande cha mpira! Na mimi huku nahangaika kukusafishia."

Mumewe alisema, "Mama," kwa sauti ya kuonya, lakini ilikuwa imechelewa. Mama Mitego alikuwa amekwisha kugeuka.

"Mama, sikusahau. Nilibadilisha. Wale nondo uliowamwaga ndio waliokuwa kazi yenyewe. Ndio niliokuwa nawahesabu. Ndoo ikiwa tupu, simu inawaambia watu hakuna wadudu. Kuku wako wamekula taarifa yote ya msimu huu."

Alingoja kilio, au hasira. Mama mkwe alikunja uso kama anayesoma maandishi madogo.

"Kwa hiyo walitaka ndoo chafu?"

"Ndiyo, mama."

"Si ungeniambia!" Alisema kwa mshangao wa kweli. "Mara ngapi umepita hapa na ndoo hiyo, ukanywa na chai? Hukuniambia hata siku moja kilichomo ni cha nini. Na leo kwa nini ukadanganya mbele za watu? Ningesimama mimi nikasema. Ni ndoo tu."

Hapo ndipo Mama Mitego alipokaa chini. Alijaribu kukumbuka kama kweli hakuwahi kumweleza. Aliwaeleza watu bondeni, sokoni, nyuma ya vyoo vya shule, akawaeleza hata waliomcheka. Mama mkwe, aliyeipokea ndoo bila kuuliza maswali, hakumweleza.

Kesho yake mama mkwe alivaa nguo zake za kutokea, akapita nyumba hadi nyumba kusema kwamba ni yeye. Alisema bila kuona haya, kama anavyosema aliyevunja kikombe cha jirani. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamkaribisha maji. Hakuna aliyeamini hata mmoja.

"Mama, Mungu akuzidishie," Redio alimwambia, na macho yake yalikuwa yamelowa kidogo. "Mkwe wa kumbebea mwenzake mzigo namna hii hayupo tena. Lakini sisi tulimsikia mwenyewe, kwa mdomo wake."

Mama Mitego alipiga simu ofisini siku ile ile, akielekea ukuta. Alieleza yote tangu mwanzo. Upande wa pili kulikuwa na kelele za ofisi, kisha kelele zikapungua, kama mtu aliyetoka nje na simu.

"Nakuamini," bibi shamba alisema. "Hata jana sikukuamini ulivyosema. Lakini ulisema mbele ya watu, na mimi nimeandika. Mfumo ukishamwekea mtumaji alama ya udanganyifu, unaondoa taarifa zake zote na kituo kinafungwa."

"Zote za msimu huu?"

"Zote, dada. Tangu ya kwanza."

"Hata zile zilizookoa mahindi?"

"Mfumo hautofautishi."

"Na nani anayeweza kuutofautishia?"

Bibi shamba alitaja ngazi ya juu, na juu ya hiyo nyingine. Alisema ataandika barua. Sauti yake ilianza kukatika. Mama Mitego alisogea kulia, akasogea kushoto, akainua mkono, na mtandao ukaondoka kabisa.

Alirudisha simu ya kazi ikiwa imefutwa vizuri, na chaja yake. Barua iliandikwa kweli, hakuna aliyeijibu. Redio aliichukua ndoo, akaitoboa, akapanda vitunguu, vikaota vizuri. Mavuno yalipokwisha, nayo yalikwisha haraka, Mama Mitego alimuaga mama mkwe aende kutafuta kazi, naye akamfungashia chakula cha njiani kwa kitambaa kilichopigwa pasi.

Siku hizi anafanya kazi katika ghala la mbegu kwenye mji mdogo wa njia panda, chumba cha kuchambulia, meza ya dirishani. Nyumbani hurudi mwisho wa mwezi.